Ngei: Deni Ambalo Rais Hangeweza Kulisamehe

Kila alfajiri mtaani Huruma, makanga (au utingo, kwa Kiswahili cha vitabuni) hulitaja jina la Ngei mara nyingi kuliko wanavyolitaja jina la mtu yeyote aliye hai. Ngei ni kituo cha matatu, ni majumba ya ghorofa yenye nguo zilizoanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, na siku hizi ni wadi katika eneo bunge la Mathare. Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, ambao baadhi yao wanatoka papo hapo Huruma, Kariobangi na Dandora, Ngei alikuwa nani. Mmoja alidhani ni jina la mto. Mwingine alisema ni kabaila aliyejenga nyumba hizo na kuzipangisha. Wa tatu, msichana aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisema babu yake alimwambia kwamba Ngei alikuwa waziri aliyeshindwa kulipa madeni.

Huyo wa tatu hakukosea, ila alikuwa ameshika mkia wa kisa bila ya kichwa. Naona vyema leo nikisimulie chote, kwa kuwa walimu wengi wanaosoma ukurasa huu wana barua za mawakili ndani ya mikoba yao, na kisa cha mheshimiwa huyu kinawahusu kuliko wanavyodhani.

Paul Ngei alizaliwa Ukambani mwaka wa 1923. Alikuwa mjukuu wa Masaku, yule mwaguzi mashuhuri ambaye Wazungu walilikosea jina lake hadi likawa Machakos. Alisoma katika shule ya upili ya Alliance, akatumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaenda Makerere. Aliporudi nchini alijitosa katika siasa za chama cha KAU na kuwa naibu wa katibu mkuu. Sisi wa fani ya lugha tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka, kwani aliendesha gazeti la Kiswahili lililoitwa Uhuru wa Mwafrika wakati ambapo jina kama hilo peke yake lilitosha kumtia mtu mashakani. Siku hizo wakazi wa Eastlands walikusanyika katika ukumbi wa Kaloleni kusikiliza mambo ambayo hayakusemwa kwingineko mjini.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Ngei alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hukumu ilitolewa Aprili 1953: kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Walipelekwa Lokitaung, kule Turkana, ambako jua na mawe ni sehemu ya adhabu. Ngei alikuwa kijana kuliko wengi wa wenzake na hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka wa 1958 yeye na wafungwa wenzake wanne walifaulu kuitoroshea barua gazeti moja la London wakieleza mateso ya gereza lile. Alikuwa huru kamili mwaka wa 1961 tu, akiwa na umri unaokaribia miaka 40, na miaka 9 ya ujana wake imeliwa na korokoro.

Ninaikariri idadi hiyo ya miaka makusudi. Mtu aliyepoteza miaka 9 ana haki ya kuhisi kwamba dunia inamdai kidogo na kwamba yeye anaidai dunia sana. Sisemi kwamba Ngei alifikiri hivyo, maana sikuingia moyoni mwake. Nasema tu kwamba kizazi kile cha viongozi kilitoka gerezani kikiwa mikono mitupu, na mara kikajikuta katika nchi iliyokuwa ikigawa mashamba, leseni na mikopo, mbele ya wapiga kura waliotarajia kiongozi awe mtu wa kutoa.

Mwaka wa 1962 Ngei alijitenga na KANU akaunda chama chake, African People's Party, na Ukambani ukamfuata karibu wote. Kabla ya uhuru kuwadia mwaka wa 1963 alikuwa amekwisha kurejea KANU. Alikabidhiwa mambo ya mahindi, kisha akawa waziri wa ushirika na masoko. Mwaka wa 1965 nchi ilikumbwa na uhaba wa mahindi, na mwaka uliofuata tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Chanan Singh ilichunguza jinsi mahindi yalivyonunuliwa na kuuzwa. Kampuni ya kusaga unga ya mkewe huko Kangundo ilitajwa sana katika uchunguzi huo. Ngei alisimamishwa kazi. Muda si muda alikuwa amerudi katika Baraza la Mawaziri, safari hii akishughulikia nyumba. Sina haja ya kukaa sana hapo. Wanahistoria wamekwisha kuyaeleza hayo.

Lipo jambo jingine la mwaka wa 1965 ambalo halina budi kukaliwa. Mwezi wa Aprili, Rais Kenyatta alihutubia mkutano wa hadhara Kandara, mbele ya Bildad Kaggia, ambaye alikuwa akiwatetea wasio na ardhi. Kenyatta alimsuta Kaggia hadharani. Alimkumbusha kwamba walifungwa pamoja na wengine, na wengine hao sasa walikuwa na mali: Kubai alikuwa na nyumba kubwa, Karumba alikuwa na mabasi. Yeye Kaggia, aliulizwa, alikuwa amejifanyia nini? Na wa kwanza kabisa kutajwa katika orodha hiyo ya waliofanikiwa, mfano wa mfungwa aliyejua kujitafutia, alikuwa Paul Ngei na kahawa yake.

Ninapofundisha matumizi ya lugha katika siasa, mkutano huo wa Kandara hauniponyoki. Taifa zima lilipewa kipimo kipya cha utu: mali inayoonekana kutoka barabarani. Ila kahawa ya mtu ukiitazama toka barabarani huwezi kujua kama ilipandwa kwa fedha zake au za benki. Shamba lililowekwa rehani lina rangi ile ile ya kijani. Mashangingi na majumba hayana kibandiko kinachosema yamekopewa. Miaka 25 baadaye, Kaggia, yule aliyechekwa kwa ukata, alikuwa akiishi maisha yake ya kawaida na hapakuwa na mtu wa kumpeleka mahakamani. Ngei, aliyesifiwa, alitangazwa na Mahakama Kuu kuwa muflisi.

Lakini kabla ya hapo alionjeshwa jambo ambalo naamini lilimpotosha. Katika uchaguzi wa 1974 alishinda kiti chake, mpinzani akaenda mahakamani. Mahakama ikamwona Ngei na hatia ya kosa la uchaguzi. Adhabu yake kisheria ilikuwa kuondoka bungeni na kutowania kiti kwa miaka 5. Katiba ya wakati huo haikumpa Rais uwezo wa kusamehe kosa la aina hiyo. Basi katiba ilibadilishwa. Mnamo Desemba 1975 Bunge lilipitisha mabadiliko kwa haraka ya ajabu, Rais akapata uwezo huo, Ngei akasamehewa, na mwaka wa 1976 akawa bungeni tena. Hadi leo wanasheria wetu wakizungumzia jinsi katiba ya zamani ilivyochezewa, hawakosi kuyataja mabadiliko hayo, na jina lake likiwa limebandikwa juu yake.

Tafadhali mwalimu, litafakari jambo hili kwa makini. Mtu aliyeona katiba ya nchi ikipindwa kwa ajili yake atawezaje kuiogopa hati ya madai inayoletwa na karani wa mahakama juu ya baiskeli?

Kenyatta alifariki Agosti 1978. Daniel arap Moi alimbakiza Ngei katika serikali, akamhamisha wizara hii hadi ile. Alibaki na sauti nzito, bashasha na umaarufu mkubwa Ukambani. Alibaki pia na madeni. Kuhusu jinsi alivyoyapata, hasa masimulizi ya magari, mitaa yetu ina hadithi za kuchekesha zinazoongezwa chumvi kila zinaposimuliwa. Mimi nitaziacha huko huko vijiweni. Lililo wazi katika kumbukumbu za umma ni kwamba wadai walimfuata mahakamani na kwamba mwisho wa yote ulikuwa ufilisi.

Hapa inafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Muflisi ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu, na ndani yake mna fulusi, visarafu vidogo vya shaba. Maana yake ya asili ni mtu aliyekuwa na dinari na dirhamu, sasa amebakiwa na vishaba tu. Huku Eastlands neno limechakaa. Kijana akikosa nauli ya kutoka Umoja hadi mjini husema amefilisika. Kisheria sivyo. Mtu aweza kudaiwa mamilioni, akakosa hata sukari nyumbani, na bado asiwe muflisi. Ufilisi ni hali inayotangazwa na mahakama baada ya safari ndefu, na katika safari hiyo mdaiwa hupewa nafasi nyingi za kusimama na kuzungumza.

Sheria iliyomwangusha Ngei ilikuwa Sheria ya Ufilisi ya zamani, Sura ya 53, iliyofuata mwendo wa sheria ya Uingereza. Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mdai hufungua kesi ya kawaida. Mdaiwa hupokea wito wa mahakama na hutakiwa ajibu katika muda uliotajwa. Asipojibu, mdai hupewa hukumu pasipo kesi kusikilizwa, hata kama sehemu ya deni si halali, hata kama riba imetiwa chumvi. Baada ya hukumu huja utekelezaji: mali kukamatwa, mshahara kukatwa, au mdaiwa kutishiwa jela ya madai. Ikishindikana, mdai hutoa notisi ya ufilisi inayomtaka mdaiwa alipe au aafikiane naye. Asipoitii notisi hiyo, amekwisha kutenda kile ambacho sheria ilikiita tendo la ufilisi, na hapo mdai aweza kuomba mahakama iiweke mali yake yote chini ya Mpokezi Rasmi wa serikali.

Orodha ya matendo ya ufilisi ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Kuitoroka nchi ili kuwakwepa wadai lilikuwa mojawapo, na hilo laeleweka. Kumgawia shemeji mali ili isishikwe, hilo nalo laeleweka. Lakini jingine lilikuwa kujifungia nyumbani. Naam, mtu kukaa ndani kwa nia ya kuwachelewesha wadai wake kulihesabiwa na sheria kuwa tendo la ufilisi, sawa na kutoroka.

Nilipokisoma kifungu hicho nilizikumbuka ghorofa tunamoishi. Nani hajaona nyumba ambayo pazia halifunguliwi tangu tarehe 5 ya mwezi? Mtoto hutumwa mlangoni aseme baba hayupo, na viatu vya baba viko papo hapo kizingitini. Simu huzimwa. Barua iliyosainiwa na wakili hutiwa kabatini chini ya vyeti vya ubatizo. Hatufanyi haya kwa ujeuri bali kwa aibu, na aibu mtaani ina nguvu kuliko sheria. Mtu yu radhi apoteze samani zake zote mwezi ujao mradi jirani asimwone akiongea na mdai leo.

Nami sijitoi. Miaka kadhaa iliyopita nilimdhamini mwenzangu aliyechukua mkopo katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Mwenzangu aliacha kazi akahamia nchi nyingine. Siku moja nilipokea barua inayonitaka nilipe salio. Mimi, mwenye shahada ya udaktari, ninayewafundisha watu jinsi ya kuchanganua sentensi, sikuisoma sentensi ya pili ya barua ile. Niliifanya alama ya kurasa ndani ya kamusi, ikakaa humo kwa wiki tatu. Ya pili ilipokuja, ikitaja mahakama, ndipo nilipokwenda ofisini kwao miguu ikitetemeka. Nilimkuta karani mmoja mwenye uchovu, aliyetaka kujua jambo moja tu: naweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Tuliandika makubaliano kwa muda usiozidi nusu saa. Gharama zilizoongezwa katika wiki zile tatu nilizilipa kikamilifu, na kamusi ile kila ninapoifungua hufunguka ukurasa ule ule.

Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa na bahati hiyo. Alikopa kwa wale ambao Nairobi huwaita mashailoki, kwa jina la yule Myahudi wa tamthilia ya Shakespeare, kisha akakopa kwingine ili kuwalipa. Wito wa mahakama ulimjia akauweka. Hukumu ilitolewa akiwa darasani akifundisha hesabu. Kabla ya lori la dalali kufika, sheria ilimpa nafasi nyingine: Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka dalali kwanza aiorodheshe mali na kumpa mwenyewe notisi ya siku 7 ya kuikomboa. Siku 7 hizo mwalimu alizipoteza akitafuta mtu wa kumkopesha zaidi. Alfajiri ya siku ya nane majirani wote walikuwa roshanini wakitazama kochi, friji na televisheni zikiteremshwa ngazi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wale vijana walichukua pia magodoro na sufuria, vitu ambavyo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakataza visiguswe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake. Hakuna aliyejua. Laiti mmoja wetu pale roshanini angalijua, watoto wale wasingalilala sakafuni.

Turudi kwa Ngei. Kwa mtu wa cheo chake, milango ya mapatano ilikuwa mipana zaidi. Hata chini ya sheria ile ya zamani, mdaiwa angeweza kuwaita wadai wake wote pamoja, aweke mezani mizania ya mali na madeni yake, na kupendekeza alipe sehemu, au alipe polepole. Wengi wa wadai wakikubali, na wakiwa wanashikilia robo tatu ya thamani ya madeni yote, mahakama ingeweza kuidhinisha mpango huo na wale wachache waliokataa wakafungwa nao. Ukweli ni kwamba mdai hapendi ufilisi wa mdaiwa wake, kwa sababu muflisi hugawanywa vipande vipande na kila mmoja huondoka na kipande kidogo. Mdai hupenda mtu anayelipa. Mwenye ardhi, mshahara wa waziri na jina kubwa angeweza kusikilizwa.

Lakini mapatano yanamtaka mtu akiri mbele ya wengine kwamba hana. Hapo ndipo ninapoukumbuka mkutano wa Kandara. Aliyetangazwa kwa taifa kuwa mfano wa mwenye nacho atasimama vipi mbele ya mkopeshaji aseme hana? Mbunge ambaye kila Jumamosi anangojwa kwenye harambee, ambaye wazee humwita mfalme wa Wakamba, atawezaje kuonyesha vitabu vyake vya hesabu? Ni dhana yangu tu, lakini siioni nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu mwenye akili za Makerere aliacha mambo yafike yalikofika.

Mwaka wa 1990 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi wa Februari waziri Robert Ouko aliuawa. Mwezi wa Mei vibanda vya Muoroto vilibomolewa. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, polisi na wananchi walikabiliana Kamukunji na katika mitaa yote ya huku mashariki mwa jiji. Katikati ya misukosuko hiyo, habari ya waziri mkongwe kutangazwa muflisi ilikuwa ndogo magazetini kuliko ilivyostahili. Katiba ilisema wazi kwamba muflisi ambaye hajaondolewa ufilisi hawezi kuwa mbunge. Asiyekuwa mbunge hakuweza kuwa waziri. Basi amri moja ya mahakama ikachukua vyote viwili: kiti alichokikalia tangu 1963, ukiacha kile kipindi kifupi cha kesi ya uchaguzi, na bendera iliyokuwa juu ya gari.

Safari hii Bunge halikukutana kwa haraka kubadili kifungu chochote. Wako wanaosema kwamba kama Kenyatta angekuwa hai mambo yangekuwa mengine. Sikubaliani nao, angalau si kwa ukamilifu. Kosa la uchaguzi ni kosa dhidi ya umma, na mwenye mamlaka juu ya umma aweza kujitwalia uwezo wa kulisamehe. Deni ni mali ya mtu mwingine. Yumkini Rais angeweza kumlipia kutoka mfukoni, au kumpigia simu meneja wa benki, na sote twajua simu za aina hiyo zilipigwa sana nchini humu. Ila kulifuta kwa kalamu hangeweza. Mwenye kusamehe deni ni mdai peke yake, na wadai wa Ngei hawakuombwa mapema, au waliombwa wakiwa wamekwisha kuchoka.

Tangu wakati huo sheria imebadilika, na ni vyema walimu wa somo la biashara walifahamu hilo. Sheria ya Ufilisi ya 2015 iliiondoa ile ya zamani. Sasa mdaiwa anaweza, kabla hajafikishwa kwenye ufilisi, kuwapelekea wadai pendekezo la hiari la kulipa chini ya msimamizi, na mahakama ikatoa amri ya muda ya kuzuia kesi nyingine zisiendelee wakati pendekezo linajadiliwa. Asiye na mali yoyote, na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na shilingi 4,000,000, ana utaratibu wake mahsusi usiokuwa na ufilisi kamili. Na anayetangazwa muflisi hafungwi milele: kwa kawaida huondolewa hali hiyo baada ya miaka 3, isipokuwa kuwe na pingamizi. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, imefupisha mwendo wa kesi. Aliyezoea kungoja kesi ioze faili likiwa rafuni atashtukia hukumu imekwisha kutolewa. Na Katiba ya 2010 bado inamzuia muflisi asiwe mbunge.

Wanafunzi nao wasidhani haya ni ya wazee. Mikopo ya simu imewafikia hata katika mabweni. Mmoja wao aliniletea ofisini simu yake nimsomee ujumbe wa Kiingereza cha kisheria. Alikuwa ameubeba siku 11 bila kuufungua, akihisi kwamba asipoufungua haujafika.

Ngei hakurudi tena kwenye kilele. Nchi iliingia katika siasa za vyama vingi, wapya wakaja, majina mapya yakavuma Ukambani. Ugonjwa wa kisukari ulimwandama hadi miguu yake yote miwili ikakatwa. Mtu aliyeyavumilia mawe ya Lokitaung akamalizia siku zake juu ya kiti cha magurudumu. Alifariki Agosti 2004, akiwa na umri wa miaka 80. Bildad Kaggia, aliyeulizwa Kandara amejifanyia nini, alimfuata miezi saba baadaye, Machi 2005. Heshima zilizotolewa kwa Ngei zilikuwa za shujaa wa Kapenguria, na zilistahili. Ufilisi wake ulitajwa kwa sauti ya chini, kama tunavyofanya matangani.

Yule msichana wa karibu na mlango alinifuata baada ya somo. Alitaka kujua kama babu yake alikuwa sahihi, kwa kuwa nyumbani kwao pana bahasha yenye muhuri wa mahakama juu ya kabati, na babu ndiye aliyekataza isifunguliwe. Nilimwomba ailete. Aliileta Alhamisi. Tuliifungua pamoja pale mezani: zilikuwa zimebaki siku nne za kujibu.